Mwindaji na Saa ya Kungoja

Mhadzabe wa Bonde la Yaeda akiisha kumpata tandala kwa mshale wa sumu, hamfuati. Hutazama upande alioshika mnyama, huchunguza damu iliyodondoka juu ya majani, huokota wano la mshale ikiwa limeanguka njiani, kisha huutia uta wake begani akarejea kambini, ambako huketi kivulini bila ya kujigamba hata zipite saa kadhaa, au hata alfajiri ya pili ikiwa jua lilikwisha kuelemea magharibi, ndipo arudipo pamoja na wenzake kufuata nyayo. Mgeni aliyelelewa na hadithi za wawindaji wa bunduki, ambamo shujaa humkimbilia mnyama aliyejeruhiwa akammaliza papo hapo, akiliona jambo hili kwa mara ya kwanza hulidhania kuwa ni uvivu, au hofu, au ufukara wa zana. Mimi naliona kuwa ni kilele cha elimu ya porini. Na hoja yangu katika makala haya ni kwamba salama ya mwindaji, katika nchi ya Mbulu na Hanang na pengine kila mahali ambapo mwanadamu hukutana na wanyama wakali, imo katika saa ile ya kungoja zaidi kuliko katika ubora wa silaha yake au ugumu wa moyo wake.

Nchi yenyewe yafaa ielezwe kwa wasioijua. Mji wa Mbulu umekaa juu ya nyanda za baridi, na jirani yake ni vilima vya Kainam, ambako Wairaqw wamelima miteremko kwa vizazi vingi hata hapana kiraka cha ardhi kisichojua jembe. Lakini mtu akielekea magharibi, ardhi humporomokea ghafla mpaka akajikuta katika Bonde la Yaeda, penye miiba, mibuyu na vumbi, na mbele yake Ziwa Eyasi linang'ara kwa chumvi. Kusini ziko Dongobesh na Haydom, na kusini zaidi Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, umesimama peke yake juu ya Katesh na Ziwa Balangida. Kaskazini mashariki uko msitu wa Marang, ambao umeungana na Hifadhi ya Ziwa Manyara iliyotangazwa mwaka 1960, na ndani yake hupita tembo na mbogo bila ya kuuliza mpaka wa kijiji uko wapi. Katika nchi hii moja wamekutana mkulima, mfugaji na mwindaji, na kila mmoja ameusukuma mpaka wake kuelekea kwa mwenziwe: mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada mwishoni mwa miaka ya 1960, yalichukua malisho ya Wabarabaig yapata ekari 100,000, na wafugaji wale, kwa kuwa ng'ombe hawali hati wala ramani, walikwenda na mifugo yao mahali ambapo zamani walikuwa wakipita tu. Kwa hiyo niandikapo juu ya mwindaji, namkusudia pia mchunga ng'ombe, mrina asali, na mwanamke atafutaye kuni, kwa maana hao nao huingia vichakani, na aghalabu huingia bila ya silaha na bila ya nia ya kukutana na chochote.

Uta wa Mhadzabe si kitu cha mchezo. Kuuvuta hutaka nguvu ya takriban kilo 30, na kijana asiyeuzoea hawezi kuufikisha nusu. Hata hivyo mshale peke yake haumwangushi mnyama mkubwa, na ndiyo sababu chini ya chembe cha chuma hupakwa sumu iliyochemshwa hata ikawa nyeusi na nzito, aghalabu itokanayo na utomvu wa mmea uitwao na wataalamu adenium, wenye shina nene na maua mekundu, au na mbegu za strofanto, ambazo zote huusumbua moyo mpaka usimame. Sumu hiyo huviringiwa ukanda mwembamba wa ngozi, kwa sababu mbili ambazo mzee humfundisha kijana kabla ya kumfundisha shabaha: isikauke, na isimdhuru mwenyewe akijikwaa. Tazama basi jinsi hadhari inavyotangulia ushujaa tangu podo kufungwa.

Kisha sumu hutaka wakati. Mnyama asiyefukuzwa huenda mbali kidogo, huona uzito, hulala. Mnyama anayefukuzwa hupata nguvu ya fadhaa akakimbia kupita upeo wa macho, na akiwa ni wa jamii iliyoumbwa na pembe au makucha, huenda akageuka. Wala haitoshi kungoja, kwa kuwa mzoga haungoji peke yake: fisi hunusa damu, na simba nao, kwa hiyo wanaume huenda wengi, mchana, wakitazama angani penye tai na kusikiliza kabla ya kukaribia. Hutokea wakawakuta simba juu ya nyama, nao huwafukuza kwa sauti na mishale wakajichukulia rizki yao. Ninalotaka msomaji alishike ni kwamba jambo hilo la kustaajabisha hutendwa na watu kadhaa, kwa mwanga wa jua, baada ya mashauri. Si tendo la mtu mmoja aliyepandwa na ghadhabu.

Sasa tumlinganishe na mwenye bunduki. Bunduki ina fadhila zake, lakini humdanganya mtu kwamba shughuli imekwisha pale risasi ilipotoka. Na mnyama anayetoa hukumu juu ya udanganyifu huo ni mbogo. Dume zee la mbogo, lililokwisha kuachana na kundi likaishi peke yake au na wenziwe wawili watatu katika vichaka vizito karibu na maji, halioni vizuri sana wala halina haja ya kuona, kwa kuwa pua yake inatosha. Likipigwa vibaya huingia kichakani. Na wawindaji wa kila kabila, weusi kwa weupe, wamesimulia jambo moja bila ya kupatana kwanza: kwamba mbogo aliyejeruhiwa huweza kwenda mbele, akazunguka, akarudi kusimama kimya kando ya nyayo zake mwenyewe, akimngoja yule anayezifuata huku ameinamisha macho chini. Mtu huyo hana hatua tano za kujiokoa. Hapo hakimbiwi, kwa kuwa mbogo hukimbia kuliko mtu. Hakuna pa kujificha, kwa kuwa kichaka ni chake. Na mti wa kupanda, katika nchi ya miiba, mara nyingi ni adhabu nyingine.

Dawa ya mbogo hupatikana kabla ya risasi, na mara nyingi huwa ni kutoipiga: kutolenga mnyama asiyeonekana wote, kutolenga jioni ambapo saa moja baadaye hakuna nuru ya kufuatia damu, kutolenga dhidi ya upepo uliokwisha kugeuka. Wazee hufukiza vumbi kidogo kwa vidole kuutazama upepo, na wengine walikuwa na kifuko cha majivu kwa kazi hiyo. Na nasema bila ya haya kwamba kifuko kile cha majivu kimeokoa roho nyingi zaidi kuliko darubini. Na ikiwa mbogo amekwisha kujeruhiwa, adabu ya wawindaji wa zamani ilikuwa kuketi chini, kungoja, kunywa maji kama yapo, kisha kufuata polepole wawili kwa pamoja, mmoja akitazama nyayo na mwingine asitazame nyayo kabisa, ila vichaka vya kulia, kushoto na nyuma. Na kama usiku unaingia, kuondoka na kuwajulisha walio karibu, wachunga ng'ombe na wenye mashamba, kwamba pale pana mnyama mwenye jeraha. Kunyamaza kwa aibu ya shabaha mbaya ni kumwachia mtoto wa jirani deni la mauti.

Najua kwamba katika Hanang hoja hii hukutana na fahari ya zamani. George Klima, aliyekaa miongoni mwa Wabarabaig katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1970, alieleza jinsi kijana aliyemuua simba, tembo, kifaru au mbogo kwa mkuki alivyohesabiwa kuwa ameua adui wa watu, akapewa ng'ombe na jamaa, akapambwa, na jina lake likapanda katika jamii. Zama hizo zilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa simba aliyejua ladha ya ndama alikuwa ni adui kweli, na mfugaji hakuwa na mtu mwingine wa kumwita. Lakini heshima ilipowekwa mwishoni mwa mkuki, kila kijana alitaka mkuki wake uwe wa kwanza kugusa, na kuwa wa kwanza ndiyo kuwa karibu zaidi na makucha. Sisemi kwamba wazee wale hawakuwa na akili. Nasema kwamba sifa, tofauti na njaa, haijui kungoja, na ndiyo maana mwindaji wa sifa huumia mapema kuliko mwindaji wa chakula. Hivi leo sifa hiyo imevaa nguo nyingine, nayo ni simu: kijana amwonaye tembo kando ya Marang humkaribia hatua kwa hatua ili picha ipendeze.

Kuhusu tembo, nitasema kwa ufupi. Iain Douglas-Hamilton, aliyewachunguza tembo wa Ziwa Manyara tangu katikati ya miaka ya 1960, aliwatambua mmoja mmoja kwa masikio yao, na akaonyesha kwamba vitisho vyao vingi, vya kupanua masikio, kupiga kelele na kutimua vumbi, humalizikia njiani. Lakini katika mbuga hiyohiyo walikuwako majike wasiokuwa na mzaha, waliokuja moja kwa moja bila ya dibaji. Kanuni ya kwamba tembo hutishia tu ni kanuni njema kwa mtu aliye ndani ya gari. Mwenye miguu miwili na aondoke mapema, upande ambao upepo hauchukui harufu yake, na asikae kamwe baina ya jike na mtoto wake. Na anayepita njia ya msituni kwa haja zake, asiyewinda chochote, afanye kama mgeni mwungwana afikaye nyumbani kwa watu: apige hodi, yaani aimbe, azungumze, agonge fimbo, kwa kuwa wanyama wengi wakali wakijulishwa mapema hujiondokea wenyewe, na msiba hutokana na kukutana ghafla kwenye kona.

Penye utajiri mkubwa wa maarifa, na ambapo ningetamani vijana wetu waketi na wazee muda mrefu, ni katika habari ya usiku na mwezi. Mwishoni mwa kiangazi, maji yanapobaki katika vidimbwi vichache, wanaume wa Kihadzabe huvizia wanyama usiku karibu na maji, na huchagua usiku wa mbalamwezi. Tena mtu ambaye mchana hupenda kuwinda peke yake, usiku hutafuta mwenzi, kwa sababu maji yale huwaita pia chui na simba. Usiku usio na mwezi una kazi nyingine: ndio usiku wa epeme, ngoma yao tukufu, ambapo moto huzimwa na wanaume hucheza gizani mmoja baada ya mmoja, na watu wote wamo kambini pamoja. Mtu anaweza kulitazama jambo hilo kwa jicho la ibada peke yake, na mimi siwapokonyi ibada yao. Ila nalitazama pia kwa jicho la mwindaji, nikaona kwamba kalenda ya namna hiyo humweka mtu kambini, kati ya wenziwe, katika saa ambazo kiza ni kizito.

Wataalamu wamelifikia jirani ya jambo hilo kwa njia ya hesabu. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, miongoni mwao Mtanzania Dennis Ikanda, walitangaza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao katika mikoa ya kusini, na wengi wakiwa katika madungu ya mashambani wakilinda mazao dhidi ya nguruwe. Miaka sita baadaye walirudi na uchunguzi mwingine, ulioonyesha kwamba hatari huwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, na hasa katika saa za mwanzo wa usiku. Sababu yake ni nyepesi kueleweka ukiisha kuambiwa: usiku wa mbalamwezi simba huonekana na mawindo yake, hukosa, hulala na njaa, kisha mwezi huanza kuchelewa kuchomoza, giza la magharibi hurudi, na simba mwenye njaa hukutana na binadamu ambaye bado yuko njiani kwa kuwa jana na juzi palikuwa na mwangaza. Basi mtu asihadaike na usalama wa wiki iliyopita. Anayerudi kutoka mnadani Basotu kwa miguu, au kutoka kilabuni, siku tatu nne baada ya mwezi kukamilika, anatembea katika saa mbaya kuliko zote za mwezi, hali moyo wake umetulia.

Na kulala nako ni sehemu ya mambo haya. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima usingizi Wahadzabe wazima 33 kwa muda wa siku 20, wakakuta kwamba katika siku zote hizo dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja hazikuzidi 18. Mmoja aliamka kuchochea moto, mwingine kumnyonyesha mtoto, mzee alikosa usingizi kama wazee wakosavyo, kijana alichelewa kulala. Na bila ya mtu kuteuliwa kuwa mlinzi, kambi ikawa na mlinzi. Nimewasikia watu wakiwacheka wazee kwa kukosa usingizi. Porini mzee asiyelala ni neema. Ndiyo maana husikitika nionapo kikundi cha vijana wa mjini wakienda kuwinda ndege au kupiga kambi, wote umri mmoja, wote wamechoka kwa saa moja, wote wakalala fofofo pembeni ya chupa zao, na moto umekwisha kabla ya usiku wa manane.

Lakini nikiacha makucha na pembe, sina budi kusema kwamba makaburi ya porini hujazwa zaidi na mambo yasiyo na ngurumo. Ernest Hemingway alikuja kuwinda nchi hizi mwishoni mwa mwaka 1933, akiongozwa na Philip Percival, mwindaji mashuhuri wa Kenya; alikuja kwa ajili ya simba, mbogo, kifaru na tandala, na kitabu chake cha mwaka 1935 kimejaa habari za Babati na pande za Ziwa Manyara. Kilichomwangusha mtu huyo hodari, akachukuliwa kwa ndege mpaka Nairobi mwezi Januari 1934, ni kuhara damu, yaani mdudu asiyeonekana aliyemwingia kwa kinywa. Maji yaliyochemshwa hayana hadithi ya kusimulia barazani, na kwa hiyo hayakumbukwi wakati wa kufunga mizigo.

Halikadhalika asali. Mlembe, yule ndege aongozaye watu kwenye nyuki kwa mlio wake, ni rafiki wa kweli wa Wahadzabe, na uchunguzi umethibitisha kwamba anayemfuata hupata mizinga mingi kuliko anayetafuta peke yake. Lakini anayemfuata hutembea macho yakiwa juu ya matawi, na nyoka yuko chini. Watu husema kwamba mlembe aliyenyimwa fungu lake humwongoza mtu siku nyingine mpaka kwa simba au kwa koboko. Liwe kweli au lisiwe, imani hiyo ina faida, kwa kuwa humfanya mrina atazame chini mara kwa mara. Tena ukifika, mzinga wenyewe uko katika mbuyu, na mbuyu hupandwa kwa vigingi vilivyogongwa shinani kimoja juu ya kingine. Kuanguka kutoka juu ya mbuyu ni ajali inayojulikana sana katika kambi za Yaeda, na wala hakuna aliyeitungia ngoma.

Nyoka anastahili maneno zaidi kidogo. Kifutu, ambaye hukaa kimya akiitegemea rangi yake, humuuma yule anayemkanyaga au kumwekea mkono, na kwa hiyo aumwaye zaidi ni mwenye miguu mitupu, atembeaye jioni, au anayeokota kuni bila ya kuzigeuza kwa fimbo. Shirika la Afya Duniani, lililoiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, hukadiria kwamba kila mwaka duniani hufa watu baina ya 81,000 na 138,000 kwa kuumwa na nyoka. Mkono wenye wembe, mdomo wa kunyonya na kamba ya kukaza mguu vimewaongezea watu madhara: jeraha huoza, damu huzuiwa, na saa hupotea. Aliyeumwa avuliwe bangili na viatu, kiungo kifungwe kijiti kisitikisike, asitembezwe ikiwa inawezekana kubebwa, na apelekwe hospitali bila ya kupitia kwanza kwa kila mwenye dawa njiani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwako tangu mwaka 1955, na kutoka pembe nyingi za Yaeda pikipiki ndiyo gari la wagonjwa. Basi mtu aiulizie pikipiki kabla ya kuihitaji.

Hapa sikuona kungoja kukifaa, na msomaji makini atakuwa amekwisha kuniuliza. Jibu langu ni kwamba kungoja ni kwa ajili ya mnyama, na haraka ni kwa ajili ya mgonjwa. Balaa hutokea watu wanapozigeuza, wakamkimbilia mbogo na wakangojea uvimbe upungue.

Mwisho wa mikutano ya hatari ni mkutano wa mtu na mtu. Kichakani jioni, mgongo wa mtu aliyeinama kuchimba mizizi hufanana na mgongo wa ngiri, na tochi ya kichwani huonyesha macho bila ya kuonyesha mwenye macho. Zaidi ya hayo liko suala la sheria, ambalo si la kupuuzwa na mtu anayetaka kurudi nyumbani salama. Serikali iliwahi kuufunga uwindaji nchi nzima tangu mwaka 1973 hadi mwaka 1978. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 ilikuja, na ya mwaka 2009 ikaishika nafasi yake. Na tangu Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori ilipoanza kazi mwaka 2016, doria zimeongezeka. Mwindaji asiye na kibali hutembea usiku kwa kuwa anaogopa askari, huenda peke yake kwa kuwa anaogopa shahidi, haambii mtu aendako kwa kuwa anaogopa mdomo, na akijeruhiwa huchelewa kwenda hospitali kwa kuwa anafikiri juu ya PF3, ile fomu ya polisi, na maswali yatakayofuata. Yaani kila desturi iliyowekwa na wazee kwa ajili ya kulinda roho, yeye huivunja kwa ajili ya kulinda siri. Sihitaji kumhubiria juu ya uzalendo. Namwonyesha hesabu tu. Nayo kanuni ya kifuta jasho na kifuta machozi ya mwaka 2011 iliiweka familia ya aliyeuawa na mnyama kwenye shilingi milioni moja, fedha ambayo mtu yeyote aliyewahi kuandaa msiba anajua inafika wapi.

Kuna haki nyingine iliyofungamana na jambo hili. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na ukoo wa kifalme wa Falme za Kiarabu ilipewa nafasi katika Yaeda Chini, na Wahadzabe wakaambiwa mambo ambayo kwa ufupi yalikuwa na maana ya kuondoka. Makelele yakawa mengi, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ilijitoa. Mwaka 2011 wakapata hati ya kimila juu ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000. Nalitaja hili kwa sababu maarifa niliyoyaeleza hayakai katika vichwa peke yake. Yamekaa katika vidimbwi fulani, mibuyu fulani, mapito fulani ya mbogo ambayo mzee anayajua kwa majina. Na mtu aliyehamishwa kutoka katika nchi anayoijua huwa mgeni porini sawa na mimi na wewe, awe Mhadzabe au asiwe.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 vijiji vya Yaeda, Mongo wa Mono na Domanga miongoni mwao, hupata fedha za hewa ya ukaa kwa kuulinda msitu wao, na vijana wa doria wa vijiji hulipwa kutokana nazo. Pendekezo langu kwa Halmashauri za Mbulu na Hanang ni dogo: kila mwanzo wa kiangazi, wazee wawili watatu wa Kihadzabe walipwe ujira wa heshima, sawa na alipwavyo mkufunzi wa semina, wawachukue vijana wa Dongobesh, Basotu na Katesh, wachungaji na warina asali pamoja na askari wa vijiji, wakae nao porini siku kadhaa, wafundishwe upepo, nyayo, maji, mwezi na namna ya kugeuka kurudi, na kabla ya kuondoka kila mmoja aandike katika daftari la mtendaji wa kijiji upande anaokwenda na siku ya kurejea, ili asiporejea ajulikane atafutwe wapi. Daftari lipo tayari ofisini, na sidhani kama gharama ya mafunzo yote ingefikia bei ya matairi ya gari moja la doria.